Barakoa ni Deni kwa Jirani, Si Kodi ya Askari

Mnamo Juni 17, 2021, Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alisoma orodha ya kaunti 13 za magharibi mwa Kenya na ukanda wa Ziwa Victoria, ambako aina mpya ya virusi vya corona, Delta, ilikuwa imeshika kasi. Kuanzia siku iliyofuata, kafyu katika kaunti hizo ingeanza saa moja jioni. Kwingineko nchini iliendelea kuanza saa nne usiku. Trans Nzoia na Kakamega zilikuwa katika orodha hiyo. Uasin Gishu haikuwamo.

Kwa msomaji wa Nairobi, hayo yalikuwa majina ya kaunti tu. Kwa mkazi wa Moi's Bridge, yaligusa kila hatua yake ya jioni. Mji huu umekaa ukingoni kabisa mwa Uasin Gishu, kwenye barabara ya Eldoret kwenda Kitale. Kakamega iko ubavuni, na Trans Nzoia iko ng'ambo ya Mto Nzoia. Watu hulala upande mmoja na kuchuuza upande wa pili. Wengine wana shamba huku na kanisa kule. Kwa wiki kadhaa za mwaka ule, mtu aliyeketi hotelini mjini saa mbili usiku akinywa chai alikuwa raia mwema. Akivuka kwenda kwake kulala, alikuwa mvunja sheria.

Amri moja haikubadilika kwa kuvuka mto: barakoa. Ilikuwa lazima huku na lazima kule, tangu Aprili 2020 hadi Machi 11, 2022, Waziri Kagwe alipotangaza kwamba watu hawalazimiki tena kuivaa mahali pa wazi. Kwa hivyo, barakoa ndiyo inayotufaa tukitaka kulijibu swali ambalo janga lile lilituachia, na ambalo tulilifukia upesi mno maisha yaliporejea kawaida. Uhuru wa mtu unaishia wapi, na wajibu wake kwa wenzake unaanzia wapi? Na akiusahau wajibu huo, nani mwenye haki ya kumkumbusha?

Jibu langu nalitoa mapema ili msomaji ajue tunakokwenda. Mtu hana haki ya kumpumulia mwenzake ugonjwa ndani ya matatu, kisha adai kuwa ni uhuru wake. Lakini serikali ilipochukua wajibu huo ulio wazi na kuukabidhi kwa askari mwenye rungu, iliuharibu. Barakoa iligeuka shughuli ya polisi, na tangu siku hiyo jirani akajitoa.

Tuanze na sheria yenyewe. Kanuni za barakoa zilitungwa chini ya Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242. Sheria hiyo ilianza kutumika mwaka 1921, miaka mitatu baada ya homa kuu ya 1918 kuitikisa dunia, enzi za walowezi ambao ndio walioupa mji huu jina lake la zamani, Hoey's Bridge. Ni sheria iliyozaliwa katika utawala ambao haukuwa na mazoea ya kumweleza Mwafrika sababu ya jambo. Ulimwamuru, na alipokaidi ulimwadhibu. Karne moja baadaye, kanuni za 2020 zilibeba harufu hiyo hiyo. Ukiwa mahali pa umma ni lazima ufunike mdomo na pua. Usipofanya hivyo, faini isiyozidi shilingi 20,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili.

Hebu tupime faini hiyo kwa kipimo cha Moi's Bridge. Huu ni mji wa mahindi. Halmashauri ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao ina maghala yake hapa, na msimu wa mavuno ukifika, malori na matrekta hujipanga barabarani. Gunia la kilo 90 likiuzwa shilingi 2,500, faini ya juu kabisa ya barakoa ni magunia manane. Mkulima mwenye ekari moja atavuna mangapi, na baada ya kutoa gharama ya mbolea, mbegu na trekta atabakiwa na mangapi? Mbebaji wa magunia anayelipwa kwa siku hata hana gunia la kutoa. Adhabu inapokuwa kubwa kiasi hicho, hakuna anayetarajia kuilipa kortini. Inalipwa pembeni mwa barabara, kwa noti iliyokunjwa. Malalamiko ya watu kuitishwa hongo kwa sababu ya barakoa na kafyu yalisikika nchi nzima.

Hata hivyo, nisije nikaeleweka kwamba naikataa amri yenyewe. Wapo waliosema wakati ule, na wapo wanaosema hadi leo, kwamba mwili ni wao, pumzi ni yao, na hakuna serikali yenye mamlaka juu ya pua ya mtu. Hoja hiyo ina mvuto, lakini imesahau jinsi ugonjwa ule ulivyosambaa. Mtu aliweza kuwa na virusi bila kukohoa, bila homa, bila kujua. Barakoa ya kitambaa ilimkinga aliyeivaa kwa kiasi kidogo. Kazi yake kubwa ilikuwa kuzuia mate na pumzi zake zisiwafikie wengine. Kwa hivyo aliyeikataa hakuwa akijihatarisha yeye peke yake kama mtu anayeamua kunywa chang'aa hadi aanguke. Alikuwa akimwamulia mama mzee aliyeketi kando yake, ambaye hakuulizwa.

Wakulima na wafugaji wa Uasin Gishu wanalifahamu jambo hili bila kufundishwa. Ugonjwa wa miguu na midomo unapozuka, daktari wa mifugo hutangaza karantini. Soko la ng'ombe hufungwa, na hakuna anayeruhusiwa kuswaga mifugo wake kupitia malishoni kwa mwenziwe. Mwenye ng'ombe wazima anaumia sawa na mwenye wagonjwa: karo ya shule inamsubiri na hawezi kuuza. Ananung'unika, tena kwa haki, lakini hutamsikia akisema karantini imevunja uhuru wake. Anajua kwamba ng'ombe wake mmoja akitoroshwa usiku, zizi la kijiji kizima liko hatarini, na mwaka ujao huenda mwenye kutorosha akawa jirani yake. Tumeikubali sheria hiyo kwa ng'ombe kwa miaka mingi. Sioni ni kwa nini mtu astahili ulinzi mdogo kuliko ndama.

Katiba yetu ya 2010 nayo inalisema jambo hilo kwa lugha ya sheria. Kifungu cha 24 kinakubali kwamba haki nyingi zinaweza kuwekewa mipaka, ila kwa masharti: iwe kwa sheria, iwe kwa kiasi kinachofaa, na iwe kwa namna inayoweza kutetewa katika jamii ya kidemokrasia inayojali utu. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa. Vifungu hivyo viwili vinaishi nyumba moja. Chama cha Mawakili kilipoipeleka kafyu mahakamani, Jaji Weldon Korir wa Mahakama Kuu alitoa uamuzi Aprili 16, 2020 ambao kila askari alipaswa kuusoma: kafyu yenyewe haikukiuka katiba, lakini nguvu kupita kiasi zilizotumiwa na polisi kuitekeleza ziliikiuka. Kwa maneno mengine, lengo halali halihalalishi rungu.

Je, barakoa zilisaidia kweli? Haifai kulikwepa swali hilo, maana wanaozipinga hulitumia kama nyundo. Utafiti mkubwa wa barakoa uliofanywa vijijini wakati wa janga ulifanyika Bangladesh, kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2021, katika vijiji 600 vyenye watu wapatao 340,000. Vijiji vingine vilipewa barakoa na kuhamasishwa, vingine vikaachwa kama vilivyokuwa. Mahali ambapo barakoa za aina ya hospitali ziligawiwa, maambukizi yenye dalili yalipungua kwa takribani asilimia 11. Kwa watu wa miaka 60 na zaidi yalipungua kwa takribani asilimia 35. Kwa upande mwingine, uchambuzi wa shirika la Cochrane uliotolewa mapema 2023, uliojumlisha tafiti nyingi za aina hii, ulisema ushahidi uliopo haukutosha kutoa kauli thabiti kuhusu kampeni za kuvalisha umma barakoa. Mtu mwaminifu atayaweka yote mawili mezani. Barakoa haikuwa dawa, wala haikuwa upuuzi. Ilikuwa msaada wa kiasi, wa bei rahisi, uliowafaa zaidi wazee kuliko vijana walioombwa kuivaa. Hapo ndipo unapoingia wajibu: kijana alitakiwa kuvumilia joto usoni kwa faida ya mtu mwingine.

Lakini ningependa msomaji atazame zaidi namna watu wa Bangladesh walivyokubali kuzivaa. Katika vijiji vilivyoachwa kama vilivyokuwa, wavaaji walikuwa kama 13 kati ya 100. Katika vijiji vya mradi walifika 42. Hawakupatikana kwa faini wala mijeledi. Barakoa ziligawiwa bure mlangoni. Watu walielezwa zinavyosaidia. Viongozi wa vijiji na wa misikiti walizivaa wao wenyewe mbele ya watu. Na wahamasishaji walisimama sokoni na njiani, wakimwona asiyevaa wakamkumbusha kwa upole na kumpa moja. Ujumbe wa simu haukuongeza kitu. Jicho la mtu aliyesimama mbele yako ndilo lililofanya kazi.

Sasa tulinganishe na kwetu. Mwaka huo huo wa 2020, watafiti waliwapigia simu watu wa mashambani magharibi mwa Kenya wakiwauliza kama huvaa barakoa hadharani. Ni asilimia 12 tu waliokiri kwamba hawavai. Kisha wakatumwa watu kutazama kwa macho. Takribani asilimia 90 ya waliotazamwa hawakuwa wamevaa, au hawakuwa wamevaa ipasavyo. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2021 katika jarida la chama cha madaktari cha Marekani, lakini sidhani kuna mpanda matatu wa Moi's Bridge aliyehitaji jarida. Maski ilikaa kidevuni kuanzia stejini hadi kizuizi cha polisi kilipoonekana. Makanga akatoa ishara, nyuso zikafunikwa. Kizuizi kikapitwa, nyuso zikafunuliwa. Watu walijikinga dhidi ya askari. Virusi vilivyokuwa ndani ya gari, madirisha yakiwa yamefungwa, havikuwa katika hesabu ya mtu yeyote.

Kwa nini Mkenya alimdanganya mtafiti kwenye simu? Alidanganya kwa sababu alikuwa amefundishwa kwamba kukosa barakoa ni kosa la jinai. Ukiulizwa na mtu usiyemjua kama umetenda kosa, unakana. Hilo ndilo lililoharibika tulipoleta pingu katika jambo la afya: tulipoteza ukweli. Mtu aliyehisi koo linawasha aliogopa kusema. Isitoshe, Aprili 2020 serikali yenyewe iliwatangazia wavunja kafyu kwamba watapelekwa karantini, yaani mahali pa kuwahifadhi walioshukiwa kuambukizwa pakageuzwa kuwa jela. Hapo nani angejitokeza kwa hiari kupimwa?

Na askari waliopewa kazi hiyo waliifanya vipi? Machi 27, 2020, siku ya kwanza ya kafyu, abiria waliokuwa wakisubiri feri Likoni, Mombasa, walipigwa na kurushiwa vitoza machozi, wakarundikana wakikimbia, jambo ambalo wataalamu wa afya walikuwa wametukataza. Siku chache baadaye mvulana wa miaka 13 aliuawa kwa risasi akiwa kwenye roshani ya kwao mtaani Kiamaiko, Nairobi. Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi Aprili 1. Kufikia mwanzo wa Juni, mamlaka huru ya kusimamia utendakazi wa polisi, IPOA, ilikuwa imehusisha vifo 15 na polisi waliokuwa wakitekeleza kafyu. Agosti 2021, ndugu wawili kutoka Kianjokoma, Embu, walikamatwa kwa kosa la kafyu na wakafa wakiwa mikononi mwa polisi. Amri iliyotungwa kuokoa uhai iliua.

Moi's Bridge ina sababu yake ya pekee ya kuliuliza swali la askari. Kati ya mwisho wa 2019 na katikati ya 2021, katika miezi ile ile ya barakoa na kafyu, wasichana watano wadogo waliuawa katika mji huu na viunga vyake. Mshukiwa alikamatwa Julai 2021. Sidai kwamba barakoa ndiyo iliyochelewesha haki yao. Kesi za mauaji zina ugumu wake. Ninachosema ni kwamba mzazi wa mji huu, akiona nguvu za dola zikimkimbiza kijana wa bodaboda kwa sababu ya kitambaa cha shilingi 10, alikuwa na haki kamili ya kuuliza ulinzi wa binti yake umewekwa wapi. Wajibu ni wa pande mbili. Serikali inayomdai raia awajibike kwa jamii inadaiwa nayo kuilinda jamii hiyo.

Tuwasikilize pia waliokataa, maana hawakuwa kundi moja. Wapo waliokataa kwa ufukara. Mwanzoni barakoa iliuzwa shilingi 50, hata 100, ilhali ilitakiwa kutupwa baada ya siku. Mwenye watoto watano angeanzia wapi? Bei ilishuka baadaye hadi shilingi 10, lakini kwa miezi ile ya kwanza, iliyokuwa ya hofu kubwa, tulimtaka maskini anunue wajibu wake dukani. Hata hivyo uwezo wa kuzishona ulikuwepo hapa hapa. Kiwanda cha Rivatex cha Eldoret, kilichokuwa chini ya Chuo Kikuu cha Moi, kilitengeneza barakoa. Kaunti ya Kitui ilifanya hivyo kwa wingi katika kiwanda chake cha nguo. Ugawaji wa bure ulikuwa wa hapa na pale, mara nyingi wa wafadhili na wanasiasa wanaotaka picha. Faini ndiyo iliyokuwa sera. Kitambaa kikabaki kuwa hisani.

Wapo waliokataa kwa sababu amri haikuwa na busara ya mahali. Kanuni ilisema "mahali pa umma," na askari waliitafsiri watakavyo. Mtu anayepalilia mahindi peke yake, hewa ya Nzoia ikimpiga usoni, hamwambukizi mtu. Mwenye baiskeli anayerudi nyumbani kwenye barabara tupu hamwambukizi mtu. Lakini ndani ya matatu, kwenye chumba cha kusubiri daktari, kwenye kisiagio kilichojaa watu, na kanisani wakati wa kuimba, hatari ni ya kweli. Amri isiyotofautisha shamba na matatu huonekana ya kipumbavu shambani, na upumbavu huo hufuatana nayo hadi ndani ya matatu. Uhuru wa mtu ungeheshimiwa pale ambapo hauna madhara, ingekuwa rahisi kumwomba auache pale unapokuwa na madhara.

Na wapo waliokataa kwa sababu ya viongozi. Makanisa yalipofunguliwa Julai 2020 yaliruhusiwa waumini 100, kwa saa moja, bila watoto wa chini ya miaka 13 na bila wazee wa zaidi ya miaka 58. Matatu ya viti 14 ilibeba abiria wanane, nauli ikapanda. Wanafunzi wengi walikaa nyumbani hadi Januari 2021. Watu walivumilia. Kisha, katika miezi ya mwisho ya 2020, wakawaona wanasiasa wa mirengo yote, wa mpango wa kurekebisha katiba, BBI, na wa kambi ya "hasla," wakihutubia maelfu waliobanana, wengi bila barakoa, polisi wakiwa pale pale kulinda usalama wa mikutano. Marufuku ya siku 60 ya mikutano ya kisiasa ilikuja Novemba 4, wimbi la pili likiwa tayari limeingia. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Mama mboga aliyewahi kumwagiwa bidhaa zake hakuhitaji kusomewa katiba ili aujue ubaguzi huo.

Hapo mtu ataniuliza: basi serikali ingenyamaza, kila mtu ajiamulie? Jirani zetu wa Tanzania walijaribu njia inayokaribia hiyo. Mwisho wa Aprili 2020 takwimu za ugonjwa ziliacha kutolewa. Rais John Magufuli alivitilia shaka vipimo, akasimulia jinsi papai na mbuzi walivyoonekana kuwa na virusi, na akahimiza maombi. Februari 17, 2021, Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, alifariki baada ya chama chake kutangaza kwamba ameambukizwa. Siku chache baadaye Magufuli alisema serikali haijakataza barakoa, ila wananchi watumie zilizotengenezwa nchini. Yeye mwenyewe alifariki Machi 17. Serikali ilisema ni kwa maradhi ya moyo. Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu, na alipokuja Nairobi Mei 2021 alikuwa amevaa barakoa. Mtanzania hakupigwa rungu kwa kukosa maski, na hilo ni jema. Lakini mtu asiyepewa takwimu hana uhuru wa kuamua, anabahatisha. Kuachwa gizani hakufanani na kuachwa huru.

Kwa hiyo kuna makosa mawili: kumpiga mtu ili awajibike, na kumficha ukweli kisha kumwambia achague. Katikati yake kuna njia ya jamii, na ndiyo ninayoitetea. Lakini nayo niisifu kwa tahadhari. Jamii si malaika. Majirani ndio waliomnyanyapaa aliyerudi kutoka karantini, wakamkataza mtoto wake kuchota maji kwenye kisima. Huko Siaya, Aprili 2020, mwanamume alizikwa usiku wa manane bila jeneza wala ibada, kwa hofu ya ugonjwa, na picha zake zikaitia nchi aibu. Nasi wa Uasin Gishu hatuna haja ya kukumbushwa yaliyotokea baada ya uchaguzi wa 2007, jirani alipoelekezewa kidole kwa sababu ya kabila lake. Katika mji kama Moi's Bridge, wanakoishi Wanandi, Waluhya, Wakikuyu na wengine wengi, kumpa jirani mamlaka ya kumshtaki jirani ni kuwasha moto karibu na ghala.

Ndiyo maana nasema jirani apewe kazi ya kukumbusha, asipewe ya kuadhibu. Tofauti hiyo ni kubwa. Rais Uhuru aliigusa Novemba 2020 alipoagiza ofisi na maduka yasimhudumie asiye na barakoa. Kati ya amri zote za janga, hiyo ndiyo iliyokuwa na akili zaidi, kwa sababu ilimweka asiye na barakoa mbele ya mtu mwenye duka badala ya mtu mwenye pingu. Mwenye duka anakujua kwa jina, ana sababu ya kukutaka uingie, na kosa lako analimaliza kwa kukuambia rudi ukaichukue, au chukua hii. Bahati mbaya ilikuja ikiwa imechelewa, barakoa tayari ikiwa imechafuka jina.

Basi tufanye nini? Maana ugonjwa mwingine utakuja. Mpox iliingia Kenya Julai 2024, ikigunduliwa kwa mtu aliyepitia mpaka wa Taveta, na mji ulioko kwenye barabara kuu na mpaka wa kaunti tatu, kama Moi's Bridge, hautakuwa wa mwisho kufikiwa na janga lijalo.

Kwanza, Bunge liiandike upya Sheria ya Afya ya Umma. Sheria ya 1921 haiwezi kuendelea kubeba katiba ya 2010 mgongoni. Sheria mpya iondoe kifungo kwa kosa la barakoa na mengine ya aina hiyo, na iweke wazi ni mahali gani amri inahusu: vyombo vya usafiri, hospitali, madarasa, ibada na ofisi zilizofungwa. Mashamba na njia za wazi ziachwe.

Pili, kabla ya kumlazimisha mtu kuwa na kitu, apewe kitu hicho. Kaunti ya Uasin Gishu ina kiwanda cha nguo mlangoni pake na mafundi wa cherehani katika kila soko. Bajeti ya dharura ianzie hapo.

Tatu, kazi ya kuhamasisha ipewe watu wa afya. Tangu Septemba 2023 nchi ina wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, wanaozunguka nyumba kwa nyumba wakipima shinikizo la damu na sukari. Hao wanaujua mlango wa kila mzee aliye hatarini. Walipwe posho zao kwa wakati, wafunzwe, na wawe sauti ya kwanza janga likitangazwa, wakishirikiana na machifu, wachungaji, maimamu na viongozi wa bodaboda. Polisi wabaki na kazi yao ya kukamata wauaji na wezi.

Nne, kiongozi atakayevunja amri aadhibiwe wa kwanza, tena hadharani. Bila hilo, yote niliyotaja hayana uzito.

Kwa msomaji anayeamini kwamba uso wake ni wake, namwambia hivi: uko sahihi, na ndiyo sababu sitaki askari auguse. Lakini hewa ya ndani ya matatu ya Kitale si yako peke yako. Kenya ilirekodi vifo zaidi ya 5,600 vya corona, na hivyo ni vile vilivyohesabiwa tu. Wengi walikuwa wazee ambao kinga yao ilitegemea hiari ya watu wengine. Siku janga jingine likitangazwa, usisubiri kizuizi cha polisi kikukumbushe kwamba umeketi kando ya mama wa mtu. Funika uso, na mwenzako akisahau, mkumbushe kwa adabu.